Makombe Kumi na Saba ya El Paso

Katika mbio za nyika za vyuo vya Marekani hesabu huenda kinyume. Kila chuo kinaleta wakimbiaji saba, watano wa mwanzo kufika ndio wanaohesabiwa, na kila mmoja anakipa chuo chake pointi sawasawa na nafasi aliyoshika. Wa kwanza pointi moja, wa kumi pointi kumi. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Kwa hiyo ukamilifu wenyewe ni 15: moja, mbili, tatu, nne, tano. Mwaka 1981, katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, maarufu kwa kifupi chake UTEP, kilipata pointi 17. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa tano, wa sita. Yaani mtu mmoja tu wa chuo kingine ndiye aliyepenya katikati yao.

Wote watano walikuwa Waafrika. Kocha wao, Ted Banks, alikuwa Mmarekani mweupe aliyefika El Paso mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kati ya 1974 na 1981 alikipa chuo kile makombe 17 ya ubingwa wa taifa: sita ya mbio za ndani ya ukumbi, matano ya uwanjani, sita ya nyika. Kwa kocha wa chuo, huko ni kufika kileleni. Yapo majina makubwa yaliyofundisha miaka arobaini bila kugusa hata nusu ya hapo.

Nimekuwa nikiifikiria kazi ya mtu huyu kwa muda sasa, na sababu si mapenzi yangu kwa Texas. Sababu ni kwamba sehemu ya makombe yale ina miguu ya kwetu. Gidamis Shahanga, mtoto wa Katesh chini ya Mlima Hanang, alipita mikononi mwa mfumo ule. Mimi ni mtu wa Bashay, ile ya Mbulu, usichanganye na Bashay ya Karatu, na kwetu jina la Shahanga linatajwa bila maelezo, kama unavyotaja jina la mlima. Lakini ukiuliza alifanya nini hasa, na nani alimfundisha, na chuo kile cha jangwani kilimtaka kwa nini, watu wanaanza kukohoa.

Tuanze na kazi yenyewe, maana msomaji wa Kiswahili anaweza kushangaa. Kocha mkuu wa chuo Marekani si yule mwalimu wa michezo tuliyemzoea, anayefundisha jiografia asubuhi na jioni anashika filimbi. Ni ajira kamili, yenye ofisi, wasaidizi, bajeti, na hofu ya kufukuzwa. Wenzetu wana makocha wakuu hata wa michezo ambayo kwetu haina jina. Kuna lakrosi, kwa mfano, mchezo uliorithiwa kwa wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, unaochezwa kwa fimbo yenye wavu kichwani. Timu ya kwanza ya Afrika kufika kwenye mashindano yake ya dunia ilikuwa Uganda, mwaka 2014 kule Denver. Huko chuoni mtu anaweza kujenga maisha yake yote juu ya fimbo ile: anaanza msaidizi, anapewa timu ndogo, anapewa kubwa, anastaafu na jina lake linabandikwa ukutani. Na katika kazi hiyo, kufundisha ni nusu. Nusu nyingine, na wengi watakuambia ndiyo kubwa, ni kutafuta vijana. Kocha ana nafasi chache za ufadhili wa masomo za kugawa. Anayezigawa vizuri anashinda. Anayezigawa vibaya anatafuta kazi nyingine.

Banks alizigawa kwa namna iliyowakera wenzake wengi. El Paso ni mji wa mpakani, ng'ambo ya mto ni Mexico. Ardhi kavu, jua kali, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Majengo ya chuo yamejengwa kwa mtindo wa Bhutan, kule Himalaya, jambo ambalo sijawahi kulielewa vizuri lakini picha zake zinapendeza. Kijana bora wa California au Oregon, mwenye kasi na mwenye wazazi wa kumshauri, alikuwa na vyuo kumi vya kuchagua kabla ya kuufikiria mji ule. Banks akaangalia kwingine. Alileta warusha tufe kutoka Sweden, alileta Wajamaika (Bert Cameron, bingwa wa dunia wa mita 400 mwaka 1983, alikuwa mwanafunzi wa El Paso), na kwa mbio ndefu akaja Afrika. Kenya kwanza: James Munyala, aliyetwaa ubingwa wa vyuo wa kuruka viunzi na maji mara tatu mfululizo kuanzia 1975, Wilson Waigwa wa maili moja, baadaye Michael Musyoki. Halafu Tanzania.

Lakini El Paso ilikuwa na historia yake na watu weusi kabla Banks hajafika, na historia hiyo inagusa Mbulu kwa njia ambayo sijaona mtu akiitaja.

Mwaka 1966 chuo hiki, wakati huo kikiitwa Texas Western, kilicheza fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo. Kocha Don Haskins akaanza na wachezaji watano weusi, wakaifunga Kentucky iliyokuwa ya weupe watupu, 72 kwa 65. Marekani nzima ikaongea. Ungedhani basi chuo kimejifunza. Miaka miwili baadaye, Aprili 1968, siku chache tu baada ya Martin Luther King kuuawa, wanariadha weusi wa chuo hichohicho walikataa kwenda kushindana na chuo cha Wamormoni cha Brigham Young, kwa sababu ya mafundisho ya kanisa lile kuhusu watu weusi. Walifukuzwa kwenye timu. Mmoja wao alikuwa mrukaji aitwaye Bob Beamon. Akabaki bila kocha. Mshindani wake, Ralph Boston, ndiye aliyekuwa akimwelekeza.

Tarehe 18 Oktoba mwaka uleule, Mexico City, Beamon akaruka mita 8.90. Rekodi ya dunia aliipita kwa sentimita 55. Siku mbili baadaye, tarehe 20, uwanja uleule, giza limeshaingia na watu wameshaanza kuondoka, akaingia mtu anachechemea, goti limefungwa bandeji. John Stephen Akhwari, wa Mbulu. Alikuwa ameanguka njiani wakati wakimbiaji wakigombea nafasi, goti likateguka. Alimaliza wa 57, wa mwisho kati ya waliofika, kwa saa 3 dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Watu 18 walioanza naye hawakufika kabisa.

Jibu alilowapa waandishi walipomuuliza kwa nini hakuacha linajulikana dunia nzima, sina haja ya kulirudia. Mimi ninachotaka kulalamikia ni kitu kingine. Dunia imempenda Akhwari kama mtu wa mwisho, na kwa kumpenda hivyo imesahau kwamba alikuwa mkimbiaji hodari. Mwaka 1970, Edinburgh, Michezo ya Jumuiya ya Madola, alishika nafasi ya tano kwenye marathoni kwa saa 2:15:05. Weka muda huo pembeni, tutaurudia.

Nani alimfundisha Akhwari? Ukitafuta jina la kocha kama Banks hulipati. Nchi ilikuwa changa. Riadha ilisimama juu ya shule, jeshi, polisi na magereza. Mtu akionekana ana pumzi, anachukuliwa, anapewa viatu, anapelekwa kambini. Kilichokuwa karibu zaidi na kocha wa kisasa ni Erasto Zambi, aliyemfundisha Filbert Bayi. Bayi naye ni mtu wa Karatu, na Karatu ya wakati ule ilikuwa ndani ya Mbulu. Februari 2, 1974, Christchurch, Bayi alikimbia mita 1,500 akiwa mbele tangu mlio wa bastola mpaka utepe, kwa 3:32.16, rekodi ya dunia, John Walker wa New Zealand akimfuata hatua chache nyuma. Mwaka uliofuata akachukua na rekodi ya maili kule Kingston, Jamaica, 3:51.0. Kazi ya Zambi hiyo. Kama mafanikio ya kocha yanapimwa kwa kijana mmoja aliyebadilisha namna mbio fulani inavyokimbiwa, Zambi ana haki ya kukaa meza moja na yeyote wa Marekani. Ila hakuna chuo nyuma yake, hakuna ofisi ya habari ya kuandika takwimu zake kila msimu, na hakuna ukuta.

Hapo ndipo ninapoanza kumwonea kocha wa El Paso wivu kwa niaba yetu. Siwezi kusema Banks alikuwa kocha bora kuliko Zambi. Ila alifanya kazi mahali ambapo kila kitu kinaandikwa.

Sasa Shahanga. Amezaliwa 1957, Mbarabaig. Agosti 1978 alikuwa na miaka 20 alipokwenda Edmonton, Kanada, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, mtu asiyejulikana, akashinda marathoni kwa saa 2:15:39, akimpita mwenyeji Jerome Drayton mwishoni mwishoni. Kumbuka muda wa Akhwari wa 1970: ulikuwa bora kwa sekunde 34 kuliko muda huu uliopewa dhahabu. Mbio hazina haki ya namna hiyo, unashindana na waliopo siku ile. Lakini nikiona orodha ya "mashujaa wa Mbulu na Hanang" imempanga Akhwari kwa goti lake na Shahanga kwa medali yake, natamani mtu aandike namba hizo mbili kando kwa kando.

Kwa hiyo alipofika El Paso, Shahanga alikuwa tayari bingwa. Na hili ndilo lililowauma makocha wengine wa Marekani. Hoja yao ilikuwa rahisi: sisi tunachukua mtoto wa miaka 18 aliyemaliza sekondari, tunamlea, Banks anachukua mtu mzima mwenye medali. Suleiman Nyambui, wa Majita pande za Musoma, alizaliwa 1953, yaani alianza kukimbilia chuo akiwa na miaka 25 au 26 na kumaliza akikaribia 30. Katika kipindi hicho alitwaa mataji 15 ya vyuo, yakiwemo ya mita 10,000 miaka minne mfululizo na ya nyika 1980. Mwaka huohuo wa 1980 alichukua fedha ya Olimpiki ya mita 5,000 kule Moscow, nyuma ya Miruts Yifter. Februari 1981, ukumbi wa Madison Square Garden, New York, akakimbia mita 5,000 za ndani kwa 13:20.4, muda ambao hakuna mtu duniani alikuwa ameufikia ndani ya ukumbi, na Alberto Salazar akiwa nyuma yake. Hebu jiweke nafasi ya kijana wa mwaka wa kwanza kutoka shamba la mahindi Iowa, umeambiwa nenda ukashindane na huyo.

Nawaelewa waliolalamika. Lakini malalamiko yao yalikuwa na harufu mbili, na moja si nzuri. Vyama vya michezo vya vyuo viliwahi kuwa na sheria iliyowahesabia wageni umri wao tofauti na Wamarekani: mgeni aliyeshindana kwao baada ya miaka 19 alipunguziwa miaka ya kucheza chuoni, Mmarekani wa umri uleule hakuguswa. Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi, kilinyang'anywa ubingwa wa soka wa 1971 kwa mambo ya namna hiyo, kikaenda mahakamani, na mwaka 1975 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema sheria ile ya wageni ni ya kibaguzi. Ndipo ikaletwa sheria mpya inayomgusa kila mtu, mgeni na mwenyeji. Lakini usiulize inamgusa nani zaidi. Kijana wa Hanang wa wakati ule alianza shule akiwa ameshachunga ng'ombe miaka kadhaa. Kumaliza darasa la saba na miaka 17 halikuwa jambo la ajabu. Ukiweka kikomo cha umri bila kuuliza shule ilianza lini, umeshachagua nani aingie.

Na swali la upande wetu ni hili: kwa nini walikwenda? Hapa watu wa siku hizi wanakosea, wanadhani ni pesa. Pesa haikuwepo. Mpaka 1982 riadha ilikuwa ya ridhaa. Mkimbiaji anayepokea hela waziwazi alifungiwa. Kilichokuwepo ni chakula cha uhakika, kitanda, daktari, uwanja, mbio kila wiki, na shahada mwishoni. Linganisha na nyumbani: mwaka ule wa Edmonton uliisha na vita vya Kagera. Uchumi ukaingia shimoni, sabuni ikawa ya kupanga foleni, fedha za kigeni za kupeleka timu nje zikawa za kutafutwa kwa tochi. Mkimbiaji anayebaki nyumbani anaweza kukaa mwaka mzima bila mashindano ya maana. Kwa mtu mwenye miguu ambayo itamfaa kwa miaka kumi tu, hiyo ni hasara isiyolipika. Na hata ukiwa tayari, serikali inaweza kukwambia usiende, kama ilivyomtokea Bayi 1976, Tanzania ilipoisusia Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imecheza raga na Afrika Kusini. Uamuzi ule mimi nauunga mkono mpaka leo. Lakini aliyeulipia ni Bayi, na Walker akachukua dhahabu ya mita 1,500.

Kinachonifurahisha, kwa furaha ya uchungu, ni kilichokuwa kikiendelea El Paso wakati huohuo. Aliyeshinda Wichita 1981, yule aliyekipa chuo pointi ile moja, alikuwa Mathews Motshwarateu, mtoto wa Soweto. Mwafrika Kusini, asiyeruhusiwa na dunia kukimbia Olimpiki kwa sababu ya utawala uliomnyima hata kura. Mtanzania hakuruhusiwa kushindana na nchi yake popote. Lakini Texas walivaa jezi moja, wakala meza moja, wakakusanya pointi za kocha mmoja mweupe, katika chuo kilichowahi kumfukuza Beamon. Sijui riwaya gani ya Kiswahili ingethubutu kupanga mambo hivyo bila mhariri kusema umezidisha.

Sasa niseme jambo ambalo linanisumbua zaidi ya yote haya, na ambalo takwimu za chuo haziwezi kulijua.

Shahanga alipata dhahabu yake Kanada. Miaka ileile, Kanada ilikuwa Hanang. Tangu karibu na 1970, kwa msaada wa serikali ya Kanada, Shirika la Taifa la Chakula na Kilimo, NAFCO, lilikuwa likifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye tambarare za Basotu. Mashamba saba, jumla yake karibu ekari laki moja. Ukiyaona kwenye picha za wakati ule ni maendeleo matupu: matrekta, mistari iliyonyooka mpaka upeo wa macho, mkate kwa taifa. Ila tambarare zile hazikuwa tupu. Zilikuwa malisho ya Wabarabaig, tena malisho bora, yale ambayo mifugo hupelekwa kwa zamu kulingana na msimu, na ndani yake kulikuwa na makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawasikiliza na kuwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua, moja ya sababu ikiwa kwamba hawakuthibitisha ipasavyo kwamba wote ni wenyeji wenye haki ya kimila juu ya ardhi ile. Kuthibitisha kwamba ni wenyeji! Watu ambao mlima umo katika nyimbo zao.

Sidai kwamba Banks alikuwa na habari na ngano ya Basotu. Wala sidai kwamba Shahanga alikimbia kwa ajili ya malisho. Sina cha kunipa haki ya kuingia kichwani mwake. Ninachosema ni kwamba kuna maelezo ya kizembe yanayorudiwa kila wanapoandika kuhusu wakimbiaji wa kwetu: urefu wa mlima, hewa nyembamba, kuchunga ng'ombe, miguu myembamba. Kana kwamba vijana wale walitoka kwenye mandhari, si kwenye nchi. Ng'ombe wale walikuwa wakisukumwa. Njia walizokimbilia zilikuwa zikikatwa na jembe la trekta. Na nchi iliyopiga makofi Edmonton ndiyo iliyolipia trekta. Hayo nayo ni sehemu ya historia ya mbio.

Wakati kesi ikiendelea, Shahanga aliifikia siku yake kubwa zaidi kwa maoni yangu. Oktoba 1982, Brisbane, Australia. Mita 10,000: Shahanga dhahabu, Mtanzania mwenzake Zakaria Barie fedha, wote wawili ndani ya sekunde moja. Siku chache baadaye, Shahanga huyohuyo akaingia marathoni. Yeye na Juma Ikangaa wakaondoka mapema, kwa kasi ambayo haikuwa ya busara, wakawaacha wote, wakawa wanakimbia wawili peke yao barabarani kilomita baada ya kilomita. Robert de Castella, mwenyeji, akawafuata taratibu, kama mtu anayejua deni litalipwa. Shahanga akachoka kwanza. Ikangaa akapambana, wakapishana na de Castella zaidi ya mara moja zikiwa zimebaki kilomita chache. De Castella 2:09:18, Ikangaa 2:09:30. Wapenzi wa marathoni bado wanaitaja kama moja ya bora zilizowahi kukimbiwa, na mara nyingi wanaitaja kama hadithi ya watu wawili. Mimi huihesabu ya watu watatu, maana bila Shahanga kuichoma ile mbio mapema isingekuwa ilivyokuwa, na huyu alikuwa na mita 10,000 za dhahabu kwenye miguu.

Uzembe wa mbinu? Labda. Wapo wanaosema kocha mzuri angemzuia. Mimi sina uhakika kwamba ningetaka azuiwe.

Banks alikuwa ameshaondoka El Paso wakati huo. Kombe la Wichita lilikuwa la mwisho kwake. Mawili ya 1982, ya ndani na ya uwanjani, yalikuja chini ya mwingine, na baada ya hapo chuo hakikupata tena ubingwa wa taifa wa riadha wa namna ile. Barie alichukua ubingwa wa mtu binafsi wa nyika 1983, lakini mlango ulikuwa unafungwa. Sheria ya umri ilikuwa imeanza kuuma. Na kubwa zaidi, mwaka 1982 shirikisho la kimataifa la riadha likaruhusu wakimbiaji kupokea fedha kupitia akaunti za amana. Ghafla barabara ikawa na mshahara. Mtu wa miaka 25 mwenye pumzi hakuhitaji tena kukaa darasani miaka minne ili apate kitanda. Alihitaji wakala na tiketi ya ndege. Shahanga alishinda Rotterdam 1984 kwa 2:11:12, na akiwa ameshapita miaka 30 akashinda Vienna, 1990, kwa 2:09:28. Nyambui alishinda Berlin mara mbili, 1987 na 1988, wa pili ukiwa mwaka wa mwisho kabla ya ukuta ule kuwa mwaka wake wa mwisho.

Wale wa baada yao walipita njia nyingine. Fabiano Joseph Naasi, wa pande za Babati, bingwa wa dunia wa nusu marathoni 2005. Gabriel Geay, wa pili Boston 2023, mbele ya Eliud Kipchoge. Alphonce Simbu wa Singida, mtu wa jeshi kama Ikangaa, akaleta dhahabu ya dunia ya marathoni kutoka Tokyo Septemba 2025, ya kwanza kwa Tanzania, kwa mia tatu za sekunde... samahani, kwa tatu ya mia za sekunde, baada ya kilomita 42! Hakuna hata mmoja kati yao aliyehitaji El Paso. Wakenya ndio wamerudi kwa wingi kwenye vyuo vya Marekani miaka ya karibuni, na ukisoma malalamiko ya makocha wa huko unaweza kudhani umefungua gazeti la 1980: umri, haki, watoto wetu watakimbilia wapi.

Nyambui mwenyewe aligeuka kocha. Alikuwa katibu mkuu wa chama cha riadha nyumbani, na alikwenda kufundisha Brunei, nchi ndogo ya mafuta kule Borneo, ambako hakuna mtu aliyetarajia mbio za mita 10,000. Sijapata kusoma mahojiano marefu naye kwa Kiswahili kuhusu miaka minne ya Texas: walifanya mazoezi gani Jumanne, nani alipika, Motshwarateu alizungumza nini usiku, Banks alikuwa mtu wa kelele au wa kimya. Gazeti la wanafunzi la chuo kile liliandika kila wiki. Picha zipo, matokeo yapo, pointi 17 zipo. Zimeandikwa Kiingereza, na ndani yake Katesh ni neno tu kwenye mabano baada ya jina.